Nimwandikie mwanangu nyumba sasa, au niandike wosia?

"Mimi ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 64, Mkristo, mzaliwa wa Marangu, ninayeishi Dar es Salaam tangu ujana wangu. Mke wangu tuliyefunga naye ndoa kanisani alifariki mwaka 2013, akaniachia watoto watatu ambao sasa ni watu wazima. Tangu mwaka 2016 naishi na mama mwingine. Hatujafunga ndoa, na tuna mtoto wa miaka 7. Nyumba ya Kimara tunayoishi niliianza mwenyewe, lakini tumeimalizia pamoja kwa fedha za duka lake, ingawa hati ina jina langu peke yangu. Kuna kiwanja Kibaha ambacho hati ya mauziano ina jina la marehemu mke wangu. Kuna pia kihamba, yaani shamba la ukoo, la baba yangu huko Marangu, lenye makaburi ya wazazi. Mwaka 2014 niliandika wosia mbele ya mashahidi wawili, mmoja wao akiwa mwanangu mkubwa, ambaye nilimwachia nyumba. Sasa ananishauri nimhamishie nyumba hiyo nikiwa hai ili wasije wakahangaika na mahakama. Mama huyu hana amani, na ndugu zangu wanasema nisijisumbue, mila ndiyo itakayogawa. Nifanye nini?"

Shikamoo mzee wangu, na ahsante kwa kueleza mambo yako bila kuficha, maana katika mirathi kile kinachofichwa ndicho kinachokuja kufungua kesi. Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza niliona swali la nyumba, ihamishwe au isihamishwe. Mara ya pili niliona hofu iliyo chini yake: kwamba siku utakapoondoka, watoto wa mama wa kwanza na mama wa mtoto wako mdogo watatazamana kama wageni, na ndugu zako watakaa katikati wakiwa na neno la mwisho. Hofu hiyo ni ya haki. Hata hivyo, nikuombe tuache kwanza habari ya nani apewe nini. Tatizo lako kubwa kwa sasa si mgawanyo. Ni kwamba baadhi ya vitu unavyotaka kuvigawa si vyako peke yako, na kimoja huenda sehemu yake kubwa si yako kabisa. Ukivipanga vitu hivi kwa mfuatano unaofaa, wosia wenyewe utakuwa kazi ya mchana mmoja. Ukiuruka mfuatano huo, hata wosia ulioandikwa na wakili bingwa utabishaniwa.

Nianze na neno la ndugu zako, kwa sababu ndilo linalowapotosha watu wengi. Si kweli kwamba mila hugawa mirathi ya kila Mtanzania mwenye ukoo. Tanzania Bara inatumia sheria tatu za mirathi kwa pamoja: ya kimila, iliyoorodheshwa katika tangazo la serikali namba 436 la mwaka 1963, ya Kiislamu, na sheria iliyoandikwa, ambayo msingi wake ni Sheria ya Mirathi ya India ya mwaka 1865, tuliyoirithi kwa wakoloni na ambayo bado inafanya kazi. Mahakama inapoamua ni ipi itumike haiangalii jina la ukoo. Inaangalia maisha ambayo marehemu aliyaishi, na nia aliyoionyesha kwa maneno au kwa maandishi. Mwaka 1969 Mahakama Kuu iliamua shauri la mirathi ya Innocent Mbilinyi, Mngoni aliyeishi Dar es Salaam na mkewe Mchaga; mahakama iliridhika kwamba maisha yake yalikuwa yamekwisha kutengana na mila za kwao, na mirathi yake ikaendeshwa kwa sheria iliyoandikwa. Wewe ni Mkristo uliyefunga ndoa kanisani na umeishi mjini maisha yako yote ya kazi, kwa hiyo uwezekano mkubwa ni kwamba mahakama itakuweka katika kundi hilohilo. Lakini uwezekano si uhakika, na ndiyo sababu mstari mmoja katika wosia wako, unaosema waziwazi kwamba unataka mirathi yako isimamiwe chini ya sheria iliyoandikwa, una thamani kubwa kuliko kurasa nyingi za maelezo.

Tofauti kati ya sheria hizi si ndogo. Kwa kanuni za kimila za mwaka 1963, warithi wamepangwa kwa madaraja: mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba ya kwanza yuko daraja la kwanza, wanaume wengine daraja la pili, mabinti daraja la tatu, na mjane hana fungu lake ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo; anategemea kutunzwa na watoto wake. Kwa sheria ya 1865, ikiwa hukuacha wosia, mjane anapata theluthi moja na watoto wanagawana theluthi mbili kwa usawa, wa kike na wa kiume. Kwa msomaji Mwislamu anayepita hapa, hesabu ni nyingine kabisa: mafungu yamekwisha kupangwa, mke anapata thumuni kukiwa na watoto, na wosia hauvuki theluthi ya mali wala haumwongezei mrithi bila ridhaa ya wenzake. Jibu langu kwa mzee huyu lisichukuliwe kuwa ni lake.

Sasa tumzungumzie mwenzako. Watu hudhani kwamba mwanamke asiye na cheti cha ndoa hana haki yoyote, na wengine, kwa upande wa pili, hudhani kwamba wakiishi pamoja miaka miwili basi ndoa imekwisha kuzaliwa yenyewe. Wote wanakosea kidogo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 160, inasema kwamba mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi hadi jamii ikawatambua kuwa mume na mke, itadhaniwa kwamba wameoana. Neno lenye uzito hapo ni "itadhaniwa". Dhana inaweza kupingwa kwa ushahidi, na atakayelazimika kuitetea ni yeye, akiwa na nguo za msiba, akitafuta majirani na mjumbe wa shina waje kusema mahakamani kwamba walikuwa wakimwita mke wako. Nimeona wajane wakishinda mashauri ya namna hiyo na nimeona wakishindwa, na mara nyingi kilichoamua ni nani alibahatika kupata mashahidi wanaokumbuka tarehe.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhusu mali. Kama unamchukulia kuwa mke wako, na barua yako inaonyesha hivyo, fungeni ndoa. Inaweza kuwa kanisani, inaweza kuwa bomani. Kinachotakiwa ni kutoa taarifa ya kusudio la kuoana siku 21 kabla, na siku ya ndoa kuwa na mashahidi wenu. Sherehe ni hiari yenu. Wazee wengi huona aibu kufunga ndoa wakiwa na mvi, nami huwaambia kwamba aibu hiyo ni ya siku moja, ilhali kesi ya mirathi yaweza kudumu miaka.

Hapa ndipo penye mtego ambao hata wasomi hawauoni. Kwa sheria ya 1865, ndoa hufuta wosia ulioandikwa kabla yake. Ukifunga ndoa mwezi ujao, wosia wako wa 2014 unakufa siku hiyohiyo, na usipoandika mwingine utahesabiwa kuwa mtu asiyeacha wosia. Usihuzunike sana, kwa sababu wosia huo tayari ulikuwa na ufa. Sheria hiyohiyo inasema kwamba shahidi wa wosia, au mwenzi wa shahidi, hawezi kupokea kitu alichoachiwa katika wosia anaoushuhudia. Wosia wenyewe haubatiliki, lakini zawadi yake inabatilika. Mwanao mkubwa, kwa kuweka saini kama shahidi, alijifungia mwenyewe mlango wa nyumba uliyokuwa unamwachia. Zaidi ya hayo, wosia wa 2014 haumjui mtoto wako mdogo, ambaye hakuwa amezaliwa. Basi uhesabu kuwa kumbukumbu, si chombo cha kutegemea.

Jambo la pili ni kiwanja cha Kibaha, na samahani nikisema kwamba hapa umechelewa. Kiwanja kilichonunuliwa kwa jina la marehemu mke wako ni sehemu ya mirathi yake, na inaonekana mirathi hiyo haijawahi kufunguliwa. Wanaume wengi wakifiwa na wake zao huona mali yote imebaki kwao kama ilivyokuwa. Sheria haioni hivyo. Chini ya sheria ya 1865, mume anayefiwa na mke asiyeacha wosia ana haki ileile aliyo nayo mjane: theluthi moja. Theluthi mbili ni za watoto wake watatu. Ikiwa fedha za kununulia zilikuwa zenu wote wawili, unaweza kuonyesha kwamba sehemu ya kiwanja ilikuwa yako tangu mwanzo, ingawa mali iliyo katika jina la mmoja wa wanandoa hudhaniwa kwanza kuwa yake mwenyewe hadi ithibitishwe vinginevyo. Lakini kwa vyovyote vile, huwezi kumwachia kiwanja hicho mtu mwingine kwa wosia wako kana kwamba ni chako chote. Na mtoto wako mdogo hana fungu katika theluthi mbili zile, kwa sababu mama mwenye mirathi si mama yake. Watoto wakubwa wakija kugundua kwamba kiwanja cha mama yao kiligawiwa nyumba ya pili, hapo ndipo chuki huanza, na kusema kweli watakuwa na haki ya kulalamika.

Dawa yake ni kufungua mirathi ya marehemu sasa, miaka mingi baadaye. Inawezekana. Ombi linaloletwa baada ya miaka 3 tangu kifo linatakiwa lieleze sababu za kuchelewa, na sababu ya kweli, kwamba familia ilidhani hakuna haja, inaelezeka. Mtahitaji cheti cha kifo, cheti cha ndoa, muhtasari wa kikao cha familia kinachompendekeza msimamizi, na hati ya mauziano. Nakushauri msimamizi awe mmoja wa watoto wakubwa, au wewe pamoja na mmoja wao, ili wasione kwamba baba anajipimia mwenyewe. Angalia pia mahakama mnayoiendea: Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu, na mirathi ya Wakristo walioishi nje ya mila imewahi kufutwa huko baada ya miaka ya kusikilizwa, kwa sababu mahakama haikuwa na mamlaka. Hiyo ya mke wako inakwenda Mahakama ya Wilaya au Mahakama Kuu, kutegemea thamani ya mali.

Tufike sasa kwenye nyumba ya Kimara na ushauri wa mwanao. Sitamwita mwenye tamaa, kwa kuwa hoja yake ina ukweli ndani yake: kile kilichohamishwa mtu akiwa hai, kwa hati iliyosajiliwa, hakiingii kwenye mirathi. Wako wazee waliofanya hivyo wakafa kwa amani. Lakini mwanao anakosea anapodhani kwamba kusudi la wosia ni kukwepa mahakama. Hata penye wosia mzuri, yule uliyemteua kuutekeleza anakwenda mahakamani kuthibitishwa kabla ofisi ya ardhi haijambadilishia jina. Kama mambo yamepangwa na hakuna anayepinga, shauri hilo si la kutisha. Kinachotisha ni pingamizi, na kumhamishia mtoto mmoja nyumba ambayo mke na mtoto wa miaka 7 wanaishi ndani yake ndiyo njia ya haraka zaidi ya kuleta pingamizi.

Fikiri hatari zake moja baada ya nyingine. Nyumba ya familia haihamishwi bila ridhaa ya mwenzi. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinamlinda, na uhamisho uliofanywa kwa siri unaweza kuwekewa zuio na kutenguliwa. Ukishamhamishia, nyumba inakuwa ya mwanao kwa maana yote: akikopa benki akashindwa kulipa, itapigwa mnada, akitangulia yeye kufa, na Mungu apishe mbali, warithi wake ni mke wake na watoto wake, si wewe. Kama makubaliano yenu ya mdomo ni kwamba ataitunza kwa niaba ya wadogo zake, basi makubaliano hayo yatakufa na wewe. Uhamisho wenyewe una gharama za uthamini, ushuru wa stempu na kodi zinazoendana na uhamisho wa ardhi, ilhali Tanzania haina kodi ya urithi ambayo ungekuwa unaikimbia. Na juu ya yote, nyumba ile si yako peke yako. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtambua mwenzi aliyechangia kwa kazi yake katika kuiendeleza ardhi iliyo katika jina la mwenziwe kuwa amepata maslahi ndani yake, na Mahakama ya Rufani, katika shauri la talaka la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu la mwaka 1983, ilikwisha kukubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Mwenzako ametoa fedha za duka. Huo si mchango wa kubishaniwa, ila risiti za saruji na mabati zitafutwe wakati bado zinasomeka.

Nitumie mfano wa hesabu, na tarakimu ni za mfano tu. Tuseme nyumba ina thamani ya shilingi milioni 90 na mchango wa mwenzako unaonekana kuwa nusu. Milioni 45 ni zake hata kabla ya kifo chako. Haziingii kwenye mirathi. Zinazobaki, milioni 45, ndizo za kurithiwa, na kama hukuacha wosia, theluthi moja, yaani milioni 15, inakwenda kwa mjane, na milioni 30 zinagawanywa kwa watoto wanne, kila mmoja milioni 7 na nusu. Waonyeshe watoto wako wakubwa hesabu kama hii wakati ungali hai. Wengi wao huamini kwamba "nyumba ya baba" ni yote ya baba, na wakiona karatasi mezani, joto hupungua.

Njia ninazoziona kwa nyumba hii ni mbili. Ya kwanza ni kuiandikisha kwa majina yenu wawili baada ya ndoa, kila mmoja na hisa yake iliyotajwa, kisha hisa yako ukaigawa kwa wosia. Angalieni maneno ya hati: mkiandikishwa kama wamiliki wa pamoja wasio na hisa zilizotenganishwa, anayebaki hai huchukua yote, na watoto wakubwa hawapati kitu Kimara. Ya pili ni kubaki na hati kama ilivyo, na katika wosia ukakiri mchango wa mwenzako, ukampa haki ya kuishi humo, iwe maisha yake yote au hadi mtoto atimize miaka 18, ndipo sehemu yako iwe ya watoto wote wanne. Njia hii inampa usalama wa paa, lakini inawafanya watoto wakubwa wasubiri, na kusubiri kwa miaka mingi huzaa manung'uniko yake. Mimi naelemea ile ya kwanza, kwa sababu hisa iliyoandikwa kwenye hati haihitaji mtu kuja kuikumbuka.

Kihamba kina habari yake, na hapa ndugu zako wasipuuzwe. Wewe unajua kuliko mimi kwamba kihamba chenye makaburi hakihesabiwi kwa shilingi, na kwamba desturi ya Uchagani humwachia mtoto wa kiume wa mwisho nyumba ya wazazi. Je, mtoto wako wa miaka 7, kama ni wa kiume, ndiye wa mwisho, au wa mwisho ni yule wa mama wa kwanza? Ukoo unaweza kuwa na jibu tofauti na lako, na swali hili ukiliacha wazi litajibiwa na watu wenye hasira. Tumia haki yako ya kusema. Kama miongoni mwa watoto wako wako mabinti, usikubali kuambiwa kwamba hawawezi kuwa na fungu: Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha desturi inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi, na kabla yake, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, katika shauri la Holaria Pastory wa Kagera, aliamua kwamba mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo kwa baba yake anaweza hata kuiuza, sawa na mwanamume. Mimi ningekushauri utaje mtu mmoja wa kukaa kihambani na kukitunza, useme wazi kwamba makaburi na njia ya kuyafikia ni ya wote, na ukataze kisiuzwe bila wenzake kupewa kwanza nafasi ya kukinunua. Mipaka ikaguliwe masale, ile mimea ya mpakani, yangali yamesimama na majirani waliohudhuria upandaji wake wangali hai.

Baada ya ndoa na baada ya kufungua mirathi ya marehemu, ndipo uandike wosia. Uwe wa maandishi, uusaini mbele ya mashahidi wawili au zaidi wanaokuona ukisaini, nao wasaini mbele yako. Kwa kuwa yupo atakayedai kwamba mila ndiyo inayotumika, mimi hupendelea mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki, wote wakiwa hawapati kitu ndani ya wosia, kwa sababu idadi hiyo inatosheleza kanuni zote mbili. Kuna fundo moja: kanuni za kimila zinataka mke aliye nyumbani naye ashuhudie, ilhali sheria ya 1865 inamnyima zawadi shahidi anayerithi. Asiweke saini kwenye wosia kama shahidi. Mwombe wakili wako aitazame njia ya kumwandalia karatasi ya pembeni inayosema kwamba alikuwapo na anajua wosia umetolewa. Hili ni fundo la wakili, usilifungue mwenyewe.

Ndani ya wosia, mtaje mtoto mdogo kwa jina lake kamili na useme kwamba ni mwanao, hata kama cheti chake cha kuzaliwa kina jina lako. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kunyimwa manufaa ya haki kutoka katika mali ya mzazi wake, lakini kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa usiache lolote lielee katika tafsiri. Sema nani atamlea mamaye akiondoka, na nani atashika fungu lake hadi atimize umri. Mteue mtekelezaji wa wosia na mwingine wa akiba, na mtu huyo afahamu tangu sasa kwamba hateuliwi kuwa mmiliki. Hili nalisisitiza kwa sababu ndilo kosa linaloumiza familia nyingi: msimamizi wa mirathi anajenga ukuta, anapangisha vyumba, anakula kodi, na wenzake wanaona aibu kumuuliza. Msimamizi ni mtumishi. Anawajibika kupeleka mahakamani orodha ya mali na kisha hesabu za mgawanyo, na asipofanya hivyo mrithi yeyote anaweza kuomba aondolewe. Kama huoni mtu wa kuaminiwa na pande zote mbili, Kabidhi Wasii Mkuu, aliye chini ya RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), anaweza kuteuliwa, na ofisi hiyohiyo huandika na kutunza wosia.

Ukiamua kumpunguzia mtoto mmoja fungu, eleza sababu kwa utulivu. Kwa kanuni za kimila, kumnyima mrithi kunahitaji sababu nzito, kama vile kujaribu kumdhuru mzazi au kumtelekeza katika ugonjwa, na mhusika apewe nafasi ya kujitetea. Kwa sheria iliyoandikwa uhuru wako ni mpana zaidi, ila baba anayeeleza huacha kesi chache kuliko baba anayeadhibu kimyakimya.

Pensheni, akiba ya SACCOS na benki nazigusa kwa haraka. Mafao ya wategemezi hulipwa kwa wale wanaotajwa na sheria ya mfuko, wala hayafuati wosia, na hapo cheti cha ndoa kitamsaidia mwenzako kuliko neno lolote utakaloandika. Kwenye SACCOS nenda ukaangalie fomu ya mteule. Nina shaka jina lililoko pale ni la marehemu. Akaunti za benki na za simu ziorodheshwe mahali, bila namba za siri, kwa sababu fedha isiyojulikana haidaiwi na mtu.

Kuhusu wanaosema kwamba kuandika wosia ni kujichuria, sina sheria ya kuwajibu. Nitasema tu kwamba niliowaandikia wosia wakiwa wazima, wengi bado wananipigia simu kuubadilisha.

Mambo haya usiyamalize kwa kunisoma mimi peke yangu. Unahitaji wakili wa ana kwa ana kwa sababu tatu: kiwanja cha Kibaha kina mirathi isiyofunguliwa, nyumba ya Kimara ina haki ya mtu wa pili, na tayari kuna wosia uliopo. Siku ya kwenda, chukua vyeti vyote vya kuzaliwa vya watoto wanne, cheti cha ndoa ya kwanza na cheti cha kifo, hati ya Kimara, hati ya mauziano ya Kibaha, wosia wa 2014 wenyewe na si nakala, na risiti zozote za ujenzi. Gharama zikikuzidi, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria, na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako anaweza kukuelekeza waliko. Na ukiona dalili za ugonjwa unaogusa kumbukumbu, usisubiri mfuatano wote ukamilike. Andika wosia sasa pamoja na barua ya daktari inayosema akili yako ni timamu, halafu uuandike upya baada ya ndoa.

Kikao na ndugu kifanyike Marangu mwezi wa Desemba, wakati kila mtu amepanda nyumbani. Usiende peke yako, na usiende na mwanao mkubwa peke yake. Nenda na watoto wote wanne na mama yao mdogo, na kabla ya mbege kumiminwa waambie wazee kwamba umeandika wosia, nani atautekeleza na nakala halisi imehifadhiwa wapi. Yaliyomo ndani hulazimiki kuyasoma.